Alirudi, Akapewa Mzigo
(Somo la kusoma na kujadili)

1. Neno la somo letu



Neno la somo letu la leo ni NEEMA. Lisome polepole: ne-e-ma.

Wakulima wa Msimbu, na wa wilaya nzima ya Kisarawe, wanalijua neno hili. Mvua zikinyesha vizuri, mihogo ikajaa na mikorosho ikazaa, watu husema, "Mwaka huu ni mwaka wa neema."

Je, nani ameinunua mvua hiyo? Hakuna. Mvua haiuzwi dukani. Haimwulizi mtu cheti. Humnyeshea aliyelima mapema, na humnyeshea aliyechelewa.

Wakristo hulitumia neno hilo kwa maana iliyo karibu na hiyo. Neema ni wema wa Mungu ambao mtu hupewa bure. Hakuulipia. Hakuustahili. Amepewa tu.

Lakini tukumbuke jambo la pili. Mvua peke yake haijazi ghala. Mwenye shamba asipotia mbegu, mvua itamwoteshea magugu. Kadhalika neema. Neema hutolewa bure, lakini huja pamoja na kazi. Kazi hiyo ndiyo tunayoiita KUSUDI. Kusudi ni jambo ambalo mtu anaishi kwa ajili yake.

Somo hili linaeleza mafundisho ya Kikristo. Katika madarasa yetu wanakaa Waislamu na Wakristo, na wote wanatumia ubao mmoja. Mwanakisomo ambaye ni Mwislamu analijua neno toba, na anajua rehema za Mungu. Wakati wa mazungumzo naye aeleze dini yake inavyofundisha. Hatubishani. Tunajifunza.

2. Mtu aliyejificha

Hebu fikiri habari ya mkulima mmoja. Ameuza korosho zake. Amepokea fedha. Mkewe anangoja, kwa kuwa mtoto anahitaji sare ya shule na paa linavuja. Mkulima huyu anapita kwenye pombe. Anakaa siku ya kwanza. Anakaa siku ya pili. Siku ya tatu fedha zimekwisha.

Anarudi nyumbani. Mkewe hasemi neno. Kunyamaza huko kunamwuma kuliko matusi.

Tangu siku hiyo mkulima huyu anajificha. Haendi kanisani. Akimwona mwinjilisti njiani, anapita kichochoroni. Haendi darasani. Na kwa sababu ya aibu, anakunywa tena.

Moyoni mwake anasema maneno matatu:

Kwanza, "Mimi nimekwisha haribika."

Pili, "Kanisani ni mahali pa watu wema."

Tatu, "Hata nikirudi, nitafaa kazi gani?"

Watu wa namna hii wako katika kila kijiji. Wengine hawakunywa pombe. Mmoja alikula fedha za kikundi. Mwingine alimwacha mke na watoto. Mwingine alimsingizia jirani yake uchawi, na jirani akahama. Makosa ni mbalimbali, lakini yale maneno matatu ni yaleyale.

Hapa tutofautishe aibu na dhambi. Kutojua kusoma ukubwani si dhambi. Kuwa maskini si dhambi. Kutia dole gumba badala ya kuandika jina si dhambi. Mtu asitubu kwa jambo ambalo si kosa lake. Lakini kula fedha ya sare ya mtoto ni kosa. Kosa lapasa kuitwa kosa.

Sasa tusome habari ya watu wawili waliokosa. Habari hii ni ya kweli. Sehemu yake ilipita katika mkoa wetu wa Pwani.

3. Susi na Chuma

Watu hao walikuwa Abdullah Susi na James Chuma.

Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ya Msumbiji. Chuma alikuwa Myao. Alipokuwa mtoto alikamatwa akauzwa utumwani. Mwaka 1861 aliokolewa kutoka kwa wafanya biashara ya watumwa. Waliomwokoa walikuwa daktari David Livingstone wa Uskoti, pamoja na wamisionari wa Kiingereza. Baadaye Chuma alisomeshwa katika mji wa Bombay, India. Huko akabatizwa mwaka 1865.

Mwaka 1866 Livingstone alianza safari ndefu ya kuingia bara. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile. Alitaka pia kuandika habari za biashara ya watumwa, ili dunia ijue, na biashara hiyo ikomeshwe. Alianzia pwani ya kusini ya nchi yetu, upande wa Mikindani na mto Ruvuma. Susi na Chuma walikuwa pamoja naye.

Safari ilikuwa ngumu. Chakula kilikuwa haba. Homa iliwashika. Sanduku la dawa liliibwa. Wapagazi wengi walitoroka. Baadhi yao walirudi pwani wakasema kwamba Livingstone amekufa, naye alikuwa hai.

Mwaka 1867 wakafika nchi ya Kazembe, ambayo leo imo katika Zambia. Mwaka 1868 Livingstone akataka kwenda kuliona ziwa Bangweulu. Watu wake wakakataa. Walisema wamechoka. Walitaka kubaki na wafanya biashara Waarabu waliokuwa huko. Susi na Chuma nao walikuwa miongoni mwa waliokataa. Mwezi wa Aprili Livingstone akaondoka na watu watano tu.

Tusimame hapa kidogo. Chuma alikuwa ameokolewa utumwani. Alikuwa amesomeshwa. Alikuwa amebatizwa. Hata hivyo alichoka, akamwacha mzee wake aende na watu watano katika nchi ya mabwawa. Ubatizo haukumzuia kuanguka. Wala shule haikumzuia.

4. Kurudi kwao

Livingstone alifika ziwani mwezi wa Julai mwaka huo. Kisha akarudi. Mwezi wa Novemba 1868 wale waliomwacha walitaka kurudi kwake.

Angeweza kuwafukuza. Kwa desturi ya misafara ya siku zile, angeweza pia kuwapiga. Hakufanya hivyo. Aliwapokea wote.

Katika daftari lake Livingstone alieleza sababu. Alisema kwamba moyoni hakuwalaumu sana. Walikuwa wamechoka kutembea, naye mwenyewe alikuwa amechoka. Tena akaongeza jambo moja kubwa: kwamba yeye pia ana makosa yake.

Hayo hayakuwa maneno matupu. Kabla ya hapo Livingstone alikuwa ameongoza safari nyingine katika mto Zambezi, tangu 1858 mpaka 1864. Safari hiyo haikufaulu, na serikali ya Uingereza ikamwita arudi. Aligombana na wenzake wengi. Mkewe, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga mwaka 1862. Watoto wake walikua mbali na baba yao. Hata chanzo cha mto Nile hakukipata. Alidhani mto Lualaba waweza kuwa Nile, kumbe ni mto Kongo.

Basi mtu mwenye makosa aliwapokea watu wenye makosa. Anayejua deni lake mwenyewe huona vigumu kumkaba mwenzake.

Angalia tena jinsi alivyowapokea. Hakuwakalisha pembeni kama wageni. Hakuwaambia wangoje mwaka mzima mpaka wawe watu safi. Aliwarudisha katika safari, na katika safari kila mtu ana mzigo wake. Kwa hiyo kusamehewa kwao na kupewa mzigo kulikuwa jambo moja.

5. Mzigo mkubwa kuliko yote

Miaka ikapita. Mwaka 1871 Henry Stanley alipofika Ujiji kumtafuta Livingstone, Susi alikuwa wa kwanza kumlaki. Mwaka 1872 Stanley alirudi pwani. Livingstone hakutaka kurudi. Akaenda tena upande wa Bangweulu, na Susi na Chuma wakaenda naye. Safari hii hawakukataa. Livingstone alipozidiwa na ugonjwa, walimbeba kwenye machela ndani ya maji na matope.

Mwanzoni mwa Mei 1873, katika kijiji cha mtawala Chitambo, walimkuta amekufa. Alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Sasa fikiri, ndugu mwanakisomo. Aliyewaajiri amekufa. Hakuna wa kuwalipa. Hakuna wa kuwaamuru. Bahari iko mbali sana. Kubeba maiti ni hatari, kwa sababu wenyeji wengi wa njiani waliogopa maiti ya mgeni kupita katika nchi yao. Kama wangemzika na kuondoka zao, nani angewalaumu?

Wakafanya shauri. Wenzao wakawachagua Susi na Chuma kuwa viongozi. Wakaamua kuupeleka mwili pwani, pamoja na vitu vyake na maandishi yake.

Moyo wake waliuzika chini ya mti mkubwa. Kijana mmoja, Jacob Wainwright, alikuwa amesoma India. Alisoma sala za maziko, akachonga jina na tarehe kwenye ule mti. Aliandika pia orodha ya mali ya marehemu, ili kitu chochote kisipotee. Twaona faida ya kujua kusoma na kuandika. Bila Jacob, nani angejua mahali na siku?

Waliukausha mwili juani kwa muda wa siku kumi na nne. Wakaufunga kwa nguo na magome ya mti. Wakautia kwenye mti wa kubebea. Wakaanza kutembea.

Njiani waliugua. Baadhi yao walikufa. Mwezi wa Oktoba walifika Unyanyembe, karibu na Tabora. Huko walimkuta Mwingereza Cameron, aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mwaka 1868 walikuwa wamekataa kwenda mbele. Sasa, mwaka 1873, walikataa kuishia njiani.

Mbele ya Unyanyembe wenyeji waliwazuia wasipite na maiti. Basi wakaufunga mwili upya, ukaonekana kama mtumba wa nguo za biashara. Wakapita.

Mwezi wa Februari 1874 walifika Bagamoyo. Walikuwa wametembea miezi kama tisa, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,600. Mwili ukawekwa katika misheni ya Wakatoliki pale Bagamoyo, kisha ukavushwa kwenda Unguja, na kutoka hapo Uingereza. Ulizikwa London tarehe 18 Aprili 1874.

Susi na Chuma hawakuwapo kwenye mazishi hayo. Hawakuchukuliwa. Walifika Uingereza baadaye mwaka uleule, kwa msaada wa James Young, rafiki wa Livingstone. Huko walikaa na mhariri Horace Waller, wakamweleza mambo ya safari, ili maandishi ya Livingstone yachapwe kitabu.

Katika kitabu hicho imo habari ya watu waliokataa kwenda Bangweulu. Imo pia habari ya kupokewa kwao. Kosa halikufutwa. Lakini ukurasa huo si wa mwisho. Baada yake zinafuata kurasa nyingine nyingi.

6. Maisha yao ya baadaye

Wote wawili walirudi Afrika wakawa viongozi wa misafara.

Mwaka 1879 Chuma aliongoza wapagazi wa msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson. Msafara huo ulitoka Dar es Salaam mwezi wa Mei, ukapita katika nchi ya Wazaramo, ukaelekea Behobeho. Huko Johnston akafa kwa ugonjwa. Thomson alikuwa kijana wa miaka ishirini na moja tu. Kwa msaada wa Chuma aliendelea mpaka ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika. Chuma alifariki Unguja mwaka 1882.

Susi alifanya kazi Kongo pamoja na Stanley, kisha akawafanyia kazi wamisionari wa Unguja. Mwaka 1886 alibatizwa, akachagua jina la Daudi. Alifariki mwaka 1891.

Tazama miaka hiyo. Chuma alibatizwa kabla ya kosa lake. Susi alibatizwa miaka 18 baada ya kosa, na miaka 13 baada ya kuanza kuubeba ule mwili. Mungu ana njia nyingi za kumfikia mtu. Mmoja alikuwa ndani akateleza, akarudi. Mwingine alianza na kazi, na imani ikaja baadaye.

Ukienda Unguja, katika kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali palipokuwa na soko la watumwa, utaona msalaba wa mti. Ulitengenezwa kwa mti uleule ambao chini yake moyo wa Livingstone ulizikwa.

7. Biblia inasema nini?

Habari ya Susi na Chuma si sehemu ya Biblia. Lakini inatusaidia kuielewa.

Katika Injili tunasoma habari ya Petro. Petro aliahidi kwamba hatamwacha Yesu. Usiku uleule alimkana mara tatu. Mara moja alitishwa na maneno ya mjakazi tu. Jogoo alipowika, Petro alilia sana.

Baada ya kufufuka, Yesu alimkuta Petro ufukweni, amerudia kazi ya kuvua samaki. Sisi watu wa pwani twaweza kuiona picha hiyo: mashua, nyavu, moto wa makaa na samaki. Yesu hakumtukana. Alimwuliza mara tatu kama anampenda. Mara tatu Petro alikuwa amemkana, na mara tatu aliulizwa. Na kila alipojibu, alipewa kazi ya kulichunga kundi.

Petro naye, kama Susi na Chuma, alipewa msamaha na kazi kwa pamoja.

Tunasoma pia habari ya Zakayo, mtoza ushuru aliyewadhulumu watu. Yesu aliingia nyumbani mwake kabla Zakayo hajalipa hata senti moja. Hiyo ndiyo neema. Kisha Zakayo akasimama akaahidi kumrudishia kila aliyemdhulumu mara nne. Hilo ndilo tunda la neema.

Usigeuze mpangilio huo. Wengi husema, "Nitengeneze maisha yangu kwanza, halafu nitarudi kwa Mungu." Hao wanafanana na mgonjwa anayesema, "Nipone kwanza, halafu nitakwenda zahanati."

Sasa tunaweza kumjibu yule mkulima aliyejificha.

Anasema, "Nimekwisha haribika." Tunamjibu: Petro alikana, naye hakutupwa.

Anasema, "Kanisani ni mahali pa watu wema." Tunamjibu: Kanisa lilianza na watu wa namna ya Petro.

Anasema, "Nitafaa kazi gani?" Tunamjibu: Rudi kwanza. Mzigo wako upo, nawe utaonyeshwa.

8. Maswali magumu

Watu wazima hawakubali kila wanaloambiwa. Hilo ni jambo jema. Basi tuyatazame maswali mawili.

Swali la kwanza: Tukimsamehe mlevi au mwizi, je, hatutamzoesha kukosa?

Jibu ni hili. Neema si kusema kwamba kosa si kosa. Livingstone alijua kwamba watu wake walimwacha, akaandika. Neema ni kusema: "Hili ni kosa. Nalijua. Hata hivyo njoo." Mtu akiipokea neema kwa kweli, anaanza kulichukia kosa lake. Akisema amesamehewa, na papo hapo anapanga kurudia, huyo hakupokea neema. Amepokea maneno tu.

Swali la pili: Mtunza fedha wa kikundi chetu alikula fedha. Amekuja kuomba msamaha. Je, tumrudishie sanduku na ufunguo?

Hapana. Kusamehe si kufumba macho. Kikundi kina haki ya kulinda fedha za wanachama. Mtu huyo akubali kosa mbele ya waliodhulumiwa. Alipe, hata kama ni kidogo kidogo kila mavuno, na malipo yaandikwe. Fedha zitunzwe na mtu mwingine. Lakini yeye asifukuzwe kama mbwa. Apewe kazi nyingine anayoiweza: kusafisha kisima, kubeba matofali ya ujenzi, kumlimia mjane. Mwaminishe kwa kidogo. Akikitimiza, mwongezee.

Na aliyempiga mkewe? Mke ana haki ya kulindwa. Asilazimishwe kurudi katika nyumba ya hatari kwa jina la neema. Msamaha wa Mungu kwa mume hauondoi wajibu wa mume kuacha kupiga, wala hauondoi sheria ya nchi.

9. Hatua za kurudi

Mtu akitaka kurudi, na afanye hivi:

a) Ataje kosa lake kwa jina. Asiseme "mambo yaliharibika". Aseme "nilikunywa fedha za sare".

b) Amwombe Mungu msamaha. Haihitaji maneno mengi wala Kiswahili cha shuleni.

c) Amwendee aliyemkosea. Asipeleke mtoto. Aende mwenyewe.

d) Arudishe anachoweza. Asiyekuwa na fedha ana mikono.

e) Aombe kazi moja ndogo ya kuwafaa wengine, aifanye mpaka mwisho.

f) Akianguka tena, asijifiche. Arudi upesi. Aliyejikwaa njiani hainuki kwa kulala chini mwezi mzima.

Na sisi tunaompokea, tusimkumbushe kosa lake kila anapokosea jambo dogo. Kila mmoja wetu ana ukurasa asiotaka usomwe hadharani.

10. Tukumbuke

Neema ni kama mvua: hainunuliwi.

Mvua bila jembe haileti chakula. Neema bila kazi haikamiliki.

Susi na Chuma walichoka wakamwacha mzee wao. Waliporudi walipokewa, wakapewa mzigo. Miaka mitano baadaye waliweza kuubeba mzigo ambao hakuna aliyewaamuru waubebe.

Wewe uliyeanguka, mzigo wako bado unakungoja. Inuka uubebe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Neema: wema wa Mungu unaotolewa bure.
Kusudi: jambo ambalo mtu analilenga katika maisha yake.
Toba: kujuta, kuacha kosa na kurudi.
Mpagazi: mtu anayebeba mizigo kwa ujira.
Msafara: kundi la watu wanaosafiri pamoja.
Kukana: kusema humjui mtu, au hukufanya jambo.
Kudhulumu: kumnyang'anya mtu haki yake.

MASWALI

1. Kwa nini mvua inafananishwa na neema? Mfano huo unaishia wapi?
2. Mwaka 1868 Susi na Chuma walifanya nini?
3. Livingstone alitoa sababu gani ya kuwapokea?
4. Jacob Wainwright alitumia vipi elimu yake ya kusoma na kuandika?
5. Cameron aliwashauri nini? Kwa nini, kwa maoni yako, walikataa?
6. Yesu alimwuliza Petro mara ngapi? Idadi hiyo inatukumbusha nini?
7. Tangu Mei 1873 mpaka Februari 1874 ni miezi mingapi? Hesabu kwa vidole, kisha andika jibu kwa tarakimu.

MAZUNGUMZO YA DARASA

Gawanyikeni vikundi vya watu watano. Kila kikundi kijadili: Katika kijiji chetu, mtu aliyekosa akitaka kurudi, nani humpokea? Nani humzuia? Tufanye nini? Msitaje jina la mtu yeyote.

KAZI YA NYUMBANI

Andika sentensi tatu katika daftari lako. Ya kwanza ianze, "Ninashukuru kwa kuwa..." Ya pili ianze, "Nitarudisha..." Ya tatu ianze, "Kazi yangu wiki hii ni..."

Daftari hilo ni lako. Mwalimu hatalisoma mpaka umruhusu.